Msafara wa Kwenda Nyotani: Historia Fupi ya Sentensi Fupi

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya watu watatu waliokuwa wakitafuta mawazo ya tamthilia mpya za televisheni. Kwapani nilikuwa na bahasha yenye kurasa 40: wahusika, nasaba zao, ramani ya nyumba wanayoishi, muhtasari wa sehemu 13. Nilikuwa nimeiandika kwa miezi minane. Dada aliyekaa katikati akatabasamu, akasema, "Kaka, weka hizo karatasi chini. Tuambie kwa sentensi moja."

Nikameza mate. Nikasema hii ni hadithi ya familia moja ya Tanga, inahusu mirathi, inahusu mila, inahusu mabadiliko ya jamii yetu. Niliposikia sauti yangu ikisema "mabadiliko ya jamii yetu" nilijua nimekwisha. Yule dada akanisaidia: "Inafanana na tamthilia ipi?" Nikataja moja ya Kituruki iliyokuwa ikitamba siku zile. Wala haikuwa kweli. Wakaitikia kwa adabu, wakasema watanipigia. Mpaka leo.

Kwa muda mrefu niliichukia ile sentensi moja. Niliona ni dharau ya watu wenye pesa kwa watu wenye hadithi. Yaani mtu amebeba ukoo mzima kichwani, wewe unamwambia auweke kwenye kisoda? Lakini hasira haiandiki tamthilia. Nikaanza kusoma: hii desturi imetoka wapi, na waliofanikiwa nayo walifanyaje? Nilichokikuta kimenibadilisha kidogo, na njiani nikakutana na neno letu moja mahali ambapo sikulitegemea.

Tuanze na Marekani, kwa sababu biashara ya tamthilia za televisheni ilikomaa huko kwanza. Mwaka 1953 jarida dogo liitwalo TV Guide lilianza kutoka nchi nzima. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu leo kuna nini kwenye televisheni, na kila kipindi kilipata mistari michache tu. Mtazamaji alisoma mstari, akaamua abaki au ageuze. Kwa hiyo kufupisha hadithi hakukuwa tabia ya mabosi peke yao. Hata mtu wa kawaida, kwenye kochi lake, alikuwa akiinunua jioni yake kwa sentensi.

Sasa mtu wetu. Gene Roddenberry alizaliwa Texas mwaka 1921. Katika Vita Kuu ya Pili aliendesha ndege za mabomu, baada ya vita akarusha ndege za abiria za Pan Am, na mwaka 1947 alinusurika ajali ya ndege kwenye jangwa la Syria. Kisha akawa polisi Los Angeles, ambako kazi zake zilijumuisha kuandika hotuba za mkuu wa polisi. Mwaka 1956 aliacha upolisi akaingia kuandikia televisheni moja kwa moja, nyingi zikiwa picha za makauboi. Ukimtazama vizuri, huyu ni mtu aliyezoea kueleza mambo mazito kwa watu wenye haraka.

Msimu wa 1963 hadi 1964 alikuwa na tamthilia yake mwenyewe, The Lieutenant, kuhusu wanajeshi wa majini wa Marekani, kwenye kituo cha NBC. Humo iliandaliwa sehemu moja iliyogusa ubaguzi wa rangi jeshini. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwemo binti mmoja mweusi, mwimbaji na mchezaji dansi, Nichelle Nichols. Kwa simulizi la Roddenberry, NBC ilikataa kuirusha. Tamthilia yenyewe ikafa baada ya msimu mmoja. Roddenberry baadaye alieleza alichojifunza: ukitaka kuzungumzia rangi, vita na siasa kwenye televisheni ya nchi ile, usizungumzie nchi ile. Hamia kwenye sayari nyingine, ukawaseme watu wa kijani.

Ndipo ikaja rasimu ya tarehe 11 Machi 1964. Ina kurasa 16 na jina lake ni Star Trek. Nahodha ndani yake si Kirk, anaitwa Robert April. Chombo hakiitwi Enterprise, kinaitwa Yorktown. Karibu kila kitu tunachokijua kilikuja kubadilika. Ila kitu kimoja kilikuwa pale tangu mwanzo, nacho ni ulinganisho: tamthilia hii, alisema, ni wazo la aina ya Wagon Train. Mdomoni mwa watu ilifupishwa zaidi ikawa Wagon Train ya kwenda nyotani.

Kwa asiyeijua: Wagon Train ilikuwa tamthilia ya makauboi iliyoanza NBC mwaka 1957. Walowezi wa Kizungu wanasafiri kwa magari ya kukokotwa kuelekea magharibi mwa Marekani. Kila juma msafiri mwingine anapewa kisa chake, lakini msafara ni uleule na viongozi ni walewale. Msimu wa 1961 hadi 1962 ndiyo iliyokuwa na watazamaji wengi kuliko kipindi kingine chochote nchini humo. Halafu mwaka 1962 ikahama NBC ikaenda kwa wapinzani wao, ABC.

Tulia hapo kidogo. Mtu anaingia kwa mabosi wa NBC mwaka 1964 na kuwaambia ana Wagon Train nyingine. Anamwambia aliyenyang'anywa ng'ombe kwamba nje kuna ng'ombe mwingine, tena ana mabawa.

Hebu tuifungue ile sentensi, maana ndani yake kuna kazi nne. Kwanza, inamshika msikilizaji kwa kitu anachokijua. Mwaka 1964 hadithi za vyombo vya angani zilionekana mambo ya watoto na wanajimu, lakini msafara wa magari kila mzee wa kampuni aliuona sebuleni kwake. Pili, inaonyesha injini. Hapa ndipo tamthilia ya televisheni inapoachana na filamu. Filamu inaweza kunadiwa kwa mwisho wake, kwa sababu inaisha. Tamthilia inanadiwa kwa kesho yake: juma la pili kutakuwa na nini, na la 20 je? Msafara unajibu bila kuulizwa. Kila kituo kisa kipya.

Tatu, inagusa mfuko. Wenye pesa waliogopa gharama za kujenga sayari mpya kila juma. Kurasa zake zikajibu kwa hoja ya dunia pacha: sayari nyingi zitafanana na dunia yetu, kwa hiyo mandhari na mavazi yaliyomo ghalani yatatumika. Nne, na hii ndiyo iliyonipata mimi, ile sentensi inanyamaza. Haisemi neno juu ya ubaguzi wa rangi wala vita. Mtu aliyesimulia kwamba alikataliwa kwa sababu ya mambo hayo hayo hakuyataja mlangoni. Hakusema uongo. Alichagua la kutanguliza.

Je, ilitosha? Kwa simulizi la Roddenberry mwenyewe, kituo cha CBS kilimsikiliza kwa saa mbili kisha kikamwambia kina kipindi chake cha angani, ambacho kilitoka mwaka 1965 kwa jina la Lost in Space. Studio iliyompokea ni Desilu, mali ya mchekeshaji Lucille Ball, na kupitia studio hiyo NBC ikakubali kugharimia sehemu ya majaribio. Iliitwa The Cage. Iligharimu zaidi ya dola 600,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Na NBC wakaikataa.

Sababu iliyokuja kujulikana, tena kwa maelezo ya Roddenberry, ni kwamba ilikuwa imejaa fikra kuliko mapambano. Waswahili husema ahadi ni deni, na hapa deni lilidaiwa. Sentensi iliahidi msafara wa makauboi, yaani vumbi, hatari na ngumi. Kilicholetwa ni nahodha aliyechoka, amefungiwa kwenye tundu na viumbe wenye vichwa vikubwa wanaomwonyesha ndoto. Mwanamke alikuwa msaidizi mkuu wa nahodha, jambo ambalo nalo halikudumu. Kwa bahati isiyo ya kawaida, NBC waliomba sehemu ya majaribio ya pili. Ilirekodiwa mwaka 1965, ikiwa na nahodha mpya, Kirk wa William Shatner, na karibu na mwisho watu wanapigana kweli kweli. Ikapita. Tarehe 8 Septemba 1966 Star Trek ikaanza kurushwa.

Sasa lile neno letu. Rasimu ya Machi 1964 ilitoka miezi mitatu tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, na miaka miwili na ushee baada ya Tanganyika. Uhuru lilikuwa neno la magazeti ya dunia nzima. Mwaka 1962 mwandishi wa Kimarekani, Robert Ruark, alitoa riwaya kuhusu Kenya iliyoitwa hivyo hivyo, Uhuru. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alipokwenda kufanyiwa usaili wa Star Trek alikuwa nacho kitabu hicho. Roddenberry akalipenda lile neno, akataka liwe jina la mhusika. Likaonekana gumu kidogo, likalainishwa mwishoni. Uhuru akawa Uhura.

Kwa sikio la Mswahili neno Uhura ni kama jino lililong'oka. Unajua lilikuwa nini, lakini halipo. Irabu moja imebadilishwa ili masikio ya watazamaji wa huko yasikwaruzwe, na maana ikabaki nyuma. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilijiona mimi na ile tamthilia ya Kituruki. Nami nilikuwa nimebadilisha irabu.

Lakini nisiwe mwepesi wa kulaumu. Mwanamke mweusi aliyekaa kwenye kiti cha mawasiliano cha chombo kile, afisa kamili, hakuwa mfanyakazi wa ndani wala mpishi, na mwaka 1966 hilo halikuwa jambo la kawaida kwenye televisheni ya Marekani. Nichols alisimulia kwamba alipotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Kuanzia mwaka 1977 aliisaidia NASA kuwavuta wanawake na watu weusi wajiunge na safari za anga. Mae Jemison, aliyekuwa mtazamaji wa Uhura tangu utotoni, mwaka 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwemo kwenye sentensi ya Wagon Train. Yote yalipita kwenye mlango ambao sentensi iliufungua.

Star Trek ya kwanza ilirushwa kwa misimu mitatu tu, sehemu 79, ikasitishwa mwaka 1969. Lakini desturi ya sentensi fupi haikusitishwa. Mwaka huohuo kituo cha ABC kilianza kurusha filamu mpya ya televisheni kila juma. Barry Diller, kijana aliyesimamia mradi ule, hutajwa mara nyingi kama mmoja wa waliokuza mtindo huu. Filamu ilitakiwa itangazwe kwa tangazo la sekunde 30, na hadithi isiyoingia kwenye sekunde 30 ilikuwa na shida tangu mezani. Kufikia mwaka 1992 mambo yalikuwa yamefika mahali ambapo mwongozaji Robert Altman aliifungua filamu yake, The Player, kwa waandishi wanaonadi hadithi zao kwa kuunganisha filamu mbili zilizokwishatoka. Watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Wapo walioutumia ulinganisho kwa akili zaidi. Vince Gilligan aliinadi Breaking Bad kwa kusema atamchukua Mr. Chips, yule mwalimu mpole wa kitabu cha mwaka 1934, na kumgeuza Scarface, jambazi wa filamu. Ona tofauti. Wengine walisema hadithi yao inafanana na nini. Yeye alisema inaanzia wapi na inaishia wapi, na kati ya pointi hizo mbili kuna swali linalomkosesha msikilizaji usingizi: mtu mwema anafikaje huko? Hata hivyo alikataliwa na zaidi ya kituo kimoja kabla AMC hawajaichukua. Ikaanza Januari 2008 na kufika sehemu 62.

Na yupo aliyekataa kubadilisha irabu. Hwang Dong-hyuk wa Korea Kusini aliliwaza wazo la Squid Game mwaka 2008, akiwa na hali mbaya ya fedha. Watu wenye madeni wanacheza michezo ya watoto, anayeshindwa anauawa. Mzungushie maneno upendavyo, hiyo ni sentensi safi. Lakini kwa miaka kumi hivi wenye pesa waliiona ya ajabu mno, mpaka Netflix wakaichukua, na ilipotoka Septemba 2021 dunia nzima iliitazama. Jina lake ni jina la mchezo wa watoto wa Kikorea. Hakuubadilisha ukawa mchezo wa Kimarekani ili aeleweke. Sisi tuliokulia kwenye kombolela na rede tulielewa bila kufundishwa.

Kwetu napo mambo yamesogea. Mwaka 2022 Netflix walitoa Country Queen, tamthilia yao ya kwanza kutoka Kenya. Ijaribu kwa sentensi: mwanamke aliyejenga maisha yake Nairobi anarudi kijijini na kukuta kampuni ya madini inaimeza ardhi ya kwao. Haihitaji kufananishwa na chochote. Kila mtu wa hapa ana shamba analoliogopea.

Na kwa kweli sanaa hii si ngeni kwetu. Kitendawili ni nini? Ni kitu kikubwa kimekunjwa kwenye sentensi, na kinamlinganisha asiyejulikana na anayejulikana: nyumba isiyo na mlango, kumbe yai. Tofauti ni kwamba mtega kitendawili hafanyi kazi mpaka waliokaa wamwambie "tega". Wasikilizaji wanakubali kwanza. Na vitu anavyolinganisha ni vya nyumbani kwao wote wawili. Roddenberry naye alitega kwa kitu cha nyumbani kwa wasikilizaji wake. Kosa langu siku ile halikuwa kukosa ulinganisho. Nilikwenda kuazima cha nyumbani kwa mtu wa tatu, ambaye wala hakuwemo chumbani.

Nikarudi kwenye kurasa zangu 40 nikajilazimisha. Baada ya wiki mbili za kukata nikabaki na hii: "Baba amezikwa jana, leo familia mbili zisizojuana zinakutana mlangoni mwa nyumba moja, kila moja na ufunguo wake." Nikajipongeza. Asubuhi nikamsimulia mama anayetuuzia chapati mtaani kwetu, huku akigeuza chapati.

Hakusema nzuri wala mbaya. Akauliza, "Amezikwa jana? Kwa hiyo msibani hawakuonana?"

Kha! Kurasa 40, miezi minane, na shimo la ukubwa ule sikuwahi kuliona. Sentensi moja ilitosha mtu mwingine kuliona. Bado nikiwa nimeduwaa, akaongeza, "Na huyo wa pili naye si mjane? Eda atakalia wapi?"

Nililipa chapati nikaondoka mbio. Sasa sentensi yangu iko hivi: "Siku ya kuanua matanga, mke wa pili ambaye hakuna aliyemjua anashuka kutoka Pemba na ufunguo wa nyumba, wajane wawili watakaa eda chini ya paa moja." Eda ni miezi minne na siku kumi. Hiyo ndiyo injini yangu, ina mwanzo, ina ukomo, na kila siku kuna mlango unaogongwa.

Najua tatizo lililobaki. Mnunuzi wa London au Los Angeles hajui matanga wala eda, na ataniuliza tena inafanana na ipi. Kuna siku nitalazimika kulainisha neno ili anisikie. Historia ya Uhura inaniambia si lazima hilo liwe usaliti, ilimradi nijue ni irabu gani nimeitoa, na nikishaingia ndani nimkalishe mwanamke wangu kwenye kiti chake kamili. Lakini nimeamua jambo moja: sentensi ya kwanza naipeleka kwa mama wa chapati. Ile ya London itatokana nayo.